Ukurasa wa nyuma wa kaunta buku

Jumamosi niliitwa kuongea na mafundi wenzangu na vijana waliotoka vyuoni, kwenye ukumbi mmoja hapa Sinza. Wengine foleni ya Shekilango iliwashika wakafika watu wanatawanyika, wakaniomba niandike nilichosema. Basi ndio haya, nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.

Mnanisikia huko nyuma? Eeh, yule kaka wa kofia nyekundu kanyoosha dole, basi tuendelee.

Ndugu zangu habari za mchana. Mimi ni fundi kompyuta, nina fremu Kinondoni, zamani nilikuwa Kariakoo, nimeanza hii kazi mwaka 2008 na mpaka leo mteja akiingia ananikuta nimekaa pale na bisibisi mkononi ananiuliza "samahani dada, fundi kaenda wapi?" (mkacheka) Zamani nilikuwa nakasirika, siku hizi namwambia fundi kaenda kuswali, lete nimshikie, halafu naifungua mbele ya macho yake. Tuache hilo.

Aliyenialika aliniambia njoo uwaeleze vijana jinsi ya kufanikiwa kwenye biashara ya kutengeneza kompyuta wakati wateja wanabadilika badilika. Nikamwambia bwana wee, mimi nimeshafunga fremu mara moja na mara ya pili ilibaki wiki tu, labda nije niwaeleze jinsi ya kufunga. Akasema njoo hivyo hivyo. Kwa hiyo nimekuja na hiki kitu hapa, kaunta buku ya kwaya tatu, jalada limeachia nimelishikiza na selotepu, ni ya nne tangu nianze kazi, nyingine ziko chini ya kitanda na mume wangu kila akifagia ananiuliza nazitunzia nini. Mbele tunaandika kila mashine inayoingia, tarehe, jina, namba ya simu, inaumwa nini, imekuja na chaja au haina, maana usipoandika mteja atakwambia alileta na chaja na begi na fleshi mbili. Hilo mnalijua. Mimi leo nataka kuongelea huku nyuma, ukurasa wa mwisho.

Ila nianzie mbali kidogo. 2008 kompyuta hapa mjini ilikuwa ya ofisi, ya intaneti kafe na ya stesheneri, nyumbani ilikuwa kwa mwenye nazo, ile ya mezani yenye kisogo, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya babu. Na msiwacheke wazee, nchi hii hii mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, kwa hiyo wengi wao wamekutana nayo ukubwani. Sasa 2009 mkonga wa SEACOM, waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, ukafika Dar, mwaka uliofuata ukaingia mwingine, EASSy, intaneti ikaanza kuwa intaneti, na laptopu za mtumba zikaanza kushushwa Kariakoo kama viatu. Hapo kazi ilikuwa moja tu, kupiga Windows, yaani kuifuta na kuiweka upya. Vile virusi vya fleshi mnavikumbuka? Mtu anafungua fleshi anakuta mafolda yote yamegeuka shotikati, anashika kichwa, kumbe faili zimefichwa tu, unaandika amri ya mstari mmoja zinarudi zote na yeye anakuona mganga. Jana usiku nilifungua ile kaunta buku ya kwanza kujiandaa na nyie, nimekuta ukurasa wa mwaka 2010 una mistari 31, kati ya hiyo 22 imeandikwa "kupiga window", elfu ishirini ishirini. Nilikuwa narudi Mbagala na hela kwenye soksi.

Na ugonjwa ulianzia hapo hapo. Ukishazoea kazi moja unaacha kuuliza maswali, mkono unaenda wenyewe. Mwaka 2011 akaja kijana wa chuo, mwaka wa mwisho, laptopu yake inajizima jizima. Nikamuuliza vitu vyako umeweka D, ile sehemu ya pili ya diski? Akasema ndio dada, kila kitu kipo D. Nikafuta C, sehemu inayokaa Windows yenyewe, nikapiga Windows, nikamwekea na wimbo mmoja wa kujaribia spika. Saa kumi na mbili jioni kaja, kaiwasha pale pale kaunta, kaangalia, kanyamaza. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo kabisa, "dada, lile folda lililokuwa hapa mbele liko wapi?" Jamani. Mafundi mliomo humu mnajua, vitu vya pale mbele ukiwasha tu unaviona, vinakaa C, na mteja hajui, kwake yeye C na D ni herufi. Lile folda lilikuwa ripoti yake ya kumalizia chuo na kukusanya ilikuwa siku nne mbele.

Sikulala. Nikaichomoa diski ili isiandikwe kitu kingine juu yake, nikaifunga kwenye mashine nyingine, nikaachia programu ya kufukua faili ikesha. Asubuhi imetoa maelfu ya faili, hakuna hata moja yenye jina, zote namba tupu, nikaanza kufungua moja moja na yeye kakaa pembeni yangu. Tukapata sura tatu za kwanza, tena za zamani, na sura ya nne vipande vipande kama mkate uliopitiwa na panya. Zilizobaki akaziandika upya pale dukani kwangu siku mbili kwa mashine yangu, mimi nanunua chipsi mayai. Ile laptopu yenyewe haikuzidi laki mbili na nusu. Siku zote hizo hajaiuliza hata mara moja imepona au haijapona.

Toka hapo sigusi diski ya mtu kabla hajanionyesha kwa kidole vitu vyake viko wapi, na nanakili kwanza hata akisema hana haja. Tutarudi hapo.

Sasa huu ukurasa wa nyuma ulikujaje. 2012 mdogo wangu wa mwisho alikuwa amemaliza fomu foo, nikamweka dukani asizurure. Dogo hana kazi, anachora chora. Akaanza kuandika huku nyuma watu wote wanaokuja na tunawaambia hatufanyi hiyo. Kwa utani tu, na juu akaweka kichwa cha habari kwa herufi kubwa, WALIOFUKUZWA. (Mkacheka tena, na mimi siku ile ningecheka ningekuwa mbali.) Nilichofanya ni kumgombeza, nikamwambia unachafua daftari la ofisi, nikafunga, yakaisha.

2014 mwezi wa nne Windows XP ikafikia mwisho wake, Microsoft wakaacha kuisasisha, maofisi yakahangaika kidogo, nikapata kazi za kubadilisha mashine nikaona nimerudi mjini. Kumbe ile ilikuwa mshumaa unaotaka kuzima. Intaneti kafe zikawa zinafungwa moja moja maana watu intaneti wanayo mfukoni kwenye simu. Virusi vya fleshi vikapungua maana hata fleshi zenyewe watu wameziacha, faili wanatumiana WhatsApp. Kupiga Windows ikashuka mpaka elfu kumi, halafu elfu tano, halafu vijana wa chuo wakawa wanapigiana wenyewe bwenini kwa soda. Na kodi ya Kariakoo unalipa miezi sita kwa mkupuo, mwenye fremu hataki kusikia habari za wateja wako wameenda wapi. 2015 nikafunga.

Siku ya kufungasha ndio nikakuta ule ukurasa. Nilikuwa nimekaa juu ya boksi la CPU, vumbi tupu, nikausoma wote. Simu imegoma kuwaka. Kioo cha simu. Kuflashi simu. Simu imeingia maji. Simu, chaja ya simu, simu, yaani mistari arobaini na kitu ndani ya miezi miwili, watu na miguu yao wamepanda ngazi mpaka kwangu na hela mkononi, na mimi nawaambia hapa ni kompyuta, nendeni mtaa wa Aggrey kwenye simu. Nilikuwa naringa. Nimesoma cheti, mimi na wauza makava wapi na wapi.

Msinielewe vibaya, sisemi ningekuwa fundi simu. Kufikia hapo simu zilishakuwa na mafundi kila kibaraza, na tarehe 16 Juni 2016 TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki niliona majirani walioziegemea hizo tu wakihangaika vile vile kama mimi. Ninachosema ni kwamba habari zote za biashara yangu kwenda kufa niliandikiwa mapema, kwa mwandiko wa mdogo wangu, na nikamgombeza. Yeye sasa hivi ana meza yake ya simu Makumbusho na akija kwangu anakuja na gari, mimi napanda mwendokasi, basi tunaheshimiana.

Nilipofungua Kinondoni, ukurasa wa nyuma nimeuanza siku ya kwanza, nikaacha na kile kichwa cha habari chake. Miezi mitatu tu ukaanza kuongea, printa. Pale jirani kuna stesheneri nyingi na nyie mnajua stesheneri za Dar zinaishi kwa nini, fomu za mikopo ya vyuo, maombi ya kazi ya Ajira Portal, vyeti, kontrol namba, mtu anakuja na simu anasema niprintie hii dada nina haraka. Mimi printa nilikuwa naziogopa kusema ukweli, wino haitoki mikononi na ile mashine ina roho mbaya, inagoma ikiona una haraka. Lakini mistari ilikuwa mingi sikuweza kujifanya siioni, nikanunua tatu mbovu nikazifungua nyumbani.

Nitawapa mfano mmoja tu. Printa za wino wa matangi, kila ikijisafisha inamwaga wino mchafu kwenye sponji iliyoko chini, na ndani kuna hesabu, ikifika namba fulani mashine inagoma yenyewe, taa zinawaka waka, mteja anaona imekufa. Mafundi wengi wanachofanya ni kuirudisha ile hesabu sifuri kwa programu, dakika tano, elfu kumi na tano, kwaheri. Sponji hawaigusi. Baada ya miezi wino unavuja kwenye meza ya mteja, umeingia kwenye vyeti vya watu, na yeye hajui aanzie wapi kukulaumu. Mimi nafungua chini, natoa sponji inavyonuka, naweka nyingine au naifua na kuikausha juani siku nzima, ndipo narudisha hesabu. Inachukua muda, ila yule mwenye stesheneri dirisha la mikopo likifunguliwa hana hata nusu saa ya kupoteza, na ndio maana nikamwambia usinilipe kwa kazi, nilipe kwa mwezi, mimi nitapita kila wiki ikiwa nzima ikiwa mbovu. Wa kwanza alinicheka. Sasa hivi ninao tisa. Hiyo hela ndio inalipa kodi, hizi kazi za kaunta zikija ni mboga.

Mwaka 2020 nitaupita haraka. Machi 17 shule zikafungwa, wiki ile ile watu wa mashirika wakaanza kuja na laptopu zilizokaa kabatini, kamera haionyeshi, maiki haisikiki, nikauza maspika ya masikioni mpaka nikaona nimekosea fani. Ikaisha kama ilivyokuja.

Iliyotulisha miaka hiyo ni SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, ina kasi. Laptopu za mtumba zilikuwa na diski zile za kuzunguka, imeshazunguka miaka sita Ulaya ikaja kuzunguka na joto la Dar, mtu anaiwasha anaenda kuchemsha chai. Nilikuwa namwambia shika simu yako upige saa. Ya zamani dakika mbili na nusu, naweka SSD, sekunde kumi na nane. Sikuhitaji kuongea tena, analipa huku anacheka. Ila nayo inakauka, mnaona? Mtumba wa sasa unashuka Kariakoo na SSD yake ndani, na nyingi RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, imechomelewa kwenye madabodi, bodi kuu ya mashine, huwezi kuongeza. Mwaka jana mbele ya daftari nimeandika kazi za SSD chache kuliko mwaka wa juzi, na mwaka huu chache zaidi. Fundi ambaye bado ana boksi zima la SSD dukani anajua ninachoongea.

Halafu kuna ile ya Mei 2024, lazima niwape. Jumapili tarehe 12 nyaya za baharini zikakatika huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, SEACOM na EASSy zote mbili, intaneti ya nchi nzima ikawa inatambaa. Jumatatu asubuhi nafungua geti nakuta watu wanne wamesimama na laptopu zao kwapani. Imekuwa nzito dada, piga Windows. Nikawaambia mashine zenu nzima, ni intaneti, rudini nyumbani. Mmoja akakataa kabisa akasema wewe hutaki hela, akaenda kwa fundi wa tatu kutoka kwangu, akapigiwa Windows, akarudi nyumbani na intaneti ile ile ya kutambaa. Sasa watatu walioondoka bila kulipa niliwaandika nyuma, maana kitaalamu nao ni waliofukuzwa. Wote watatu wamesharudi, mmoja kaja na kompyuta za ofisi yao nzima.

Haya, la sasa hivi, ambalo najua wengi mmekuja kwa ajili yake. Oktoba 14, 2025 Windows 10 imefika mwisho, na Windows 11 inataka TPM 2.0, kile kichipu cha usalama, na prosesa, kwa upande wa Intel, kuanzia kizazi cha nane. Nusu ya laptopu zinazoingia kwangu ni kizazi cha nne, cha tano, cha sita. Mteja anaona tangazo kwenye kioo anaogopa anadhani ni virusi. Kuna fundi anamwambia kompyuta imekufa nunua nyingine, na bahati nzuri ninayo hapa. Kuna anayeilazimisha kuingia Windows 11 kwa kuruka ukaguzi, inakubali, ila hamwambii mteja kwamba Microsoft hawajaahidi kuendelea kumpa masasisho, na zile za kale kabisa zenye prosesa ya Core 2 Duo, tangu toleo la Windows 11 linaloitwa 24H2 haziwaki nalo hata ukizibembeleza. Mimi namuuliza unafanyia nini. Kama ni stesheneri yenye mfumo wa hela na nywila za watu, namwambia ukweli, panga bajeti. Kama ni mama anaandika vipimo vya ushonaji na kuangalia YouTube, namwekea Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, namkalisha dakika ishirini namwonyesha. Wawili wamenirudishia wakasema haifanani. Sawa, haifanani.

Na hapa narudi kwenye lile folda la yule kijana. Zamani laptopu ikifa madabodi unachomoa diski, unaichomeka kwenye mashine nyingine, vitu vya mteja unavyo. Sasa hivi Windows 11 kwenye mashine nyingi inafunga diski yenyewe kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data, bila mwenye mashine kujua, ukiichomoa inakudai ufunguo wa tarakimu 48, na huo ufunguo uko kwenye akaunti ya Microsoft aliyofunguliwa na muuzaji siku ya kununua, kwa barua pepe ambayo mteja hajawahi kuiona maisha yake. Kwa hiyo swali langu la kwanza kaunta siku hizi sio inaumwa nini. Namuuliza barua pepe yako ya kwenye hii mashine ni ipi, na nywila unaijua? Kama haijui na mashine bado inawaka, hiyo ndio kazi ya kwanza kabla ya kufungua hata skrubu moja.

Na mnaochungulia picha za wateja, mnajijua. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kazi Mei 2023, na fundi wa kibarazani nayo inamhusu. Sitaki kuwa mama yenu, napita.

Namalizia na ukurasa wa nyuma wa wiki hii, nausoma kama ulivyo. Jumatatu, mtu anataka kamera za ulinzi dukani kwake, tumemwambia hatufungi. Jumatatu hiyo hiyo, anataka sola ya kuwasha ruta na laptopu umeme ukikatika. Jumanne, akaunti ya Instagram ya biashara imeibiwa, anataka irudishwe. Jumatano, kompyuta ya gemu ya mtoto. Jumatano tena, akaunti imeibiwa, huyu WhatsApp. Alhamisi akaunti, mama mmoja analia kabisa, vikoba vyao vimo humo. Ijumaa, akaunti. Ijumaa jioni, akaunti.

Watano kwa wiki moja. Hawana kompyuta mkononi hata mmoja, wameniona nina kibao cha fundi wakaingia. Sina vifaa vya kazi hiyo, sijui nitoze shilingi ngapi, na sijui hata naanzaje kumthibitisha huyu aliyekaa mbele yangu kwamba akaunti ni yake kweli, asije akawa yeye ndio mwizi. Nimeanza kuwauliza tu namba zao za simu nawaandika.

Dakika zangu nadhani zimeisha, yule kaka ananionyesha saa. Dada hapo mbele umenyoosha mkono muda mrefu, haya anza wewe.